Gari la Mashemeji Wawili

Koki alikuwa ameinama ndani ya boneti mpaka visigino vimeacha sakafu, spana mkononi, tochi ameibana kwa meno.

"Washa," alisema. Kwa ile tochi mdomoni neno lilitoka kama mlio wa ndama, lakini shemeji yake aliyekaa nyuma ya usukani alishazoea. Akazungusha ufunguo.

Tk.

"Tena."

Tk.

"Shemeji, hili gari linatusonya," alisema Randa.

Koki akaitoa tochi mdomoni, akaifuta kwenye suruali. "Halitusonyi. Linasema kitu, sisi ndio hatusikii."

"Basi lisikilize wewe. Mimi nilichosikia kinanitosha."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, ndani ya karakana ya Randa ya useremala. Gari lilikaa katikati ya fremu za madirisha na meza zisizo na miguu, kama mgeni aliyekosea nyumba ya sherehe akaona aibu kuondoka. Lilikuwa la zamani, la milango minne, pua ndefu, taa za mviringo, dashibodi ya mbao halisi. Vumbi la msumeno lilikuwa limelala juu ya paa lake. Na kesho saa mbili asubuhi lilitakiwa liwe mbele ya geti la Mwalimu, likinguruma.

Mwalimu ndiye aliyewauzia. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kesho alikuwa anahama kwenda kuishi kwa mwanawe katika mji mwingine. Lori la vyombo lilishapangwa. Kitu kimoja tu alikiomba: apelekwe stendi kwa gari hilo, amekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto. Hapo ndipo alipokaa miaka yote marehemu mumewe akiendesha, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha mama mkwe, na hata mama mkwe alipofariki hakuna aliyekumbuka kuhama.

"Likishindikana," aliwaambia, "nitapanda lori pamoja na kabati langu. Sitalia. Lakini nitajua."

Koki aliahidi. Randa naye aliahidi, kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu akawatazama kwa zamu, akasema, "Mafundi nawajua. Kesho yenu huwa haina tarehe. Hii yangu inayo."

Namna walivyolipata gari lenyewe ilikuwa kichekesho. Koki, fundi bomba, alikwenda kwa Mwalimu kuziba bomba la jikoni, akaliona chini ya turubai bandani, kuku ametagia kwenye buti. Hakumwambia mtu. Wiki hiyohiyo Randa, aliyemwoa mdogo wake Koki, alikwenda kurekebisha mlango wa banda lilelile. Akachungulia kwenye kioo, akaiona ile dashibodi, na yeye pia hakumwambia mtu. Siku ya kwenda kuongea bei wakakutana getini, kila mmoja amevaa shati la heshima, kila mmoja akidai anapita tu.

Mwalimu akawakalisha sebuleni, akawauliza mmoja mmoja kwa nini analitaka.

"Mabomba yake yako wazi," alisema Koki. "Ukilitazama unajua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Ya siku hizi yamefunikwa kama siri."

"Ile mbao haijafa," alisema Randa. "Imesinzia tu."

Mwalimu hakusifu jibu wala hakulikosoa. Alisema kwamba darasani kwake watoto wawili wakigombea dawati moja, hakumpa aliyefika kwanza wala aliyelia zaidi. Aliwakalisha wote wawili pale, wabanane, mpaka wajue kuandika bila kugusana viwiko. "Nunueni pamoja, au simuuzii mtu."

Wakanunua pamoja. Wakagawana kazi pia: kila chenye maji, mafuta au moto kikawa cha Koki, kila kinachoonekana na kushikwa kikawa cha Randa. Mafahali wawili zizi moja. Kwa wiki nyingi kila mmoja alifanya upande wake akitazama upande wa mwenzake kwa jicho la pembeni.

Na lazima isemwe, walifanya vizuri. Randa aliivua dashibodi, akaipiga msasa, akaipaka vanishi mpaka ukajiona meno. Koki aliifungua mifereji yote ya maji, akaizibua, akairudisha na kuzungushia kila uzi wa nati ile tepu nyeupe ya mabomba, kama alivyofanya kwenye kila bafu la mtaa. Katika mtaa huo Koki alikuwa na sifa moja tu, nayo ilimtosha: alichofunga yeye hakikuvuja.

Sasa gari lilikuwa na uzuri wote na halikuwaka.

"Betri?" aliuliza Randa.

"Betri nzima. Taa si unaziona?"

"Stata?"

"Jana niliishika mkononi ikazunguka kama pia."

Mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia mama pacha, mdogo wake Koki na mke wa Randa, anafuta mikono kwenye kanga. Alikuwa ameambiwa gari litawaka kabla ya mchana, na mchana ulishapita.

"Baba pacha," alimwambia mumewe, "mbona sisikii ngurumo? Au mmeliwekea kiwambo cha sauti?"

"Muulize kaka yako. Moto ni wake."

"Kaka?"

"Subiri, mdogo wangu," alisema Koki. "Usiniharakishe."

Hakuwa mtu wa kukimbilia jibu. Alichukua kipande cha waya mnene, akafunga ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, ncha nyingine akaigusisha kwenye chuma kitupu cha injini. "Washa."

Stata ikaruka. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikatema moshi, ikanyamaza. Koki na mdogo wake wakarudi hatua nyuma, kisha wote watatu wakacheka kwa pamoja.

"Umeona?" alisema Koki. "Umeme unatoka vizuri. Kurudi ndiko kunakokwama." Alifuata ule waya wa hasi kwa kidole, kutoka kwenye betri hadi pale ulipofungwa kwenye bodi. Akalegeza nati. Akaangaza tochi. Chini ya nati palikuwa laini, pa rangi ya asali, pakimetameta.

Kisha akasema taratibu, "Shemeji. Umepaka vanishi huku?"

"Nimepaka kila mahali penye chuma kitupu. Kitu kisipopakwa huoza."

"Hapa ndipo umeme unapopita."

"Sasa mimi ningejuaje? Palikuwa pamekwaruzika, pabaya, panatia aibu."

"Panatakiwa pawe pabaya!"

"Mimi sijawahi kuacha kazi ikiwa mbaya kwa makusudi!"

Koki, aliyekuwa mpole siku sita na nusu kwa wiki, alihisi ile nusu iliyobaki ikimpanda kichwani. Alisema kwamba kuna watu wakiona kidonda watakipaka rangi. Alisema gari si kabati. Randa akajibu kwamba gari wala si bafu. Mama pacha akaketi juu ya gogo, akakunja miguu, kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Endeleeni," alisema. "Mwalimu ameshafunga masanduku, lakini ninyi endeleeni."

Randa akachukua msasa na, kwa uso wa mtu anayechinja mbuzi wake mwenyewe, akakwangua vanishi yake mpaka chuma kikawa cheupe. Koki akafunga waya. Ufunguo ukazungushwa, na gari likawaka. Liliwaka kwa sauti nzito, ya chini, na vumbi la msumeno likaanza kuteleza kutoka juu ya paa. Randa akapiga honi bila sababu. Mama pacha akapiga kigelegele bila kuinuka.

Wakaliacha lingurume. Koki alisimama amekunja mikono akilisikiliza, akijiruhusu kutabasamu, na akimtazama shemeji yake kwa huruma kidogo ya mtu asiye na kosa.

Mama pacha ndiye aliyesogea akaweka kiganja karibu na boneti. "Jamani, huku kunawaka. Ni kawaida?"

"Tazama mshale wa joto," alisema Koki.

"Umelala," alijibu Randa kutoka ndani. "Uko chini kabisa. Liko baridi kama mtungi."

"Mtungi gani? Njoo ushike."

Koki akashika, akautoa mkono haraka. Mpira wa rejeta ulikuwa umevimba, na mvuke mwembamba ulianza kuchungulia. "Zima! Zima!"

Likazimwa. Wakasikiliza maji yakichemka ndani, yakinung'unika kama watu wanaosengenyana chumba cha pili.

"Mshale wako umekufa," alisema Koki. "Dashibodi yako hiyo. Labda nao uliupaka vanishi."

"Sikuugusa. Naapa. Niliuzungushia karatasi."

Wakaliacha lipoe. Walikaa hadi chai ikanywewa na vikombe vikarudishwa, na katika muda huo Koki alitafakari kimyakimya. Waya wa mshale ulitoka kwenye dashibodi, ukapita kwenye ukuta wa injini, ukaishia kwenye kipima joto, kidude cha shaba kilichofungwa kwenye injini kama koki ndogo. Huku umeme unakuja kwa waya. Na kurudi je? Hurudi kwa uzi wa nati yenyewe, chuma kwa chuma.

Aliweka kikombe chini. Akaenda, akaangaza tochi. Pembezoni mwa kile kidude ilichomoza tepu nyeupe, safi, imezungushwa kwa ustadi, raundi baada ya raundi, imetenga chuma na chuma.

Nyani haoni kundule. Angeweza kukifungua kimyakimya, mgongo wake ukiwakinga wenzake wasione. Badala yake alibaki ameinama pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akasema ndani ya injini, "Shemeji, njoo unicheke."

Randa alikuja, akatazama, akaelewa. Hakucheka mara moja. Alikwenda kwanza akafunga mlango wa karakana ili acheke kwa nafasi.

"Wewe umepaka, yeye amefunga bandeji," alisema mama pacha. "Gari la watu mmelifanya mgonjwa wa mafundi."

"Subirini," alisema Randa akifuta machozi. "Na ile taa nyekundu ya mafuta, ambayo haijawahi kuwaka? Mimi nilisema mafuta yetu yako salama!"

Koki akafumba macho. Kidude cha taa hiyo nacho alikuwa amekizungushia tepu.

Alifungua kipima joto, akatoa tepu yote kwa ukucha, akakirudisha kikavu, akakaza. Wakawasha. Polepole mshale ukainuka kama mtu anayeamshwa asubuhi ya baridi, ukasimama katikati. Randa akapiga makofi.

Kisha, kutoka kwenye kidude hicho hicho, tone likatokea. Likaning'inia, likanenepa, likaanguka. Nyuma yake likaja jingine.

Koki alikaza tena. Tone likaja. Akakaza kwa mikono miwili. Tone likaja.

"Kinataka washa ya shaba, kile kipete cha kuzuia maji, mpya," alisema. "Duka limeshafungwa. Na kesho ni Jumapili."

"Rudisha tepu," alisema Randa, sasa kwa upole. "Ni mpaka stendi tu. Nani atajua?"

Hapo ndipo palipomuuma. Akirudisha tepu, gari litakuwa kavu, litapendeza, na hakuna atakayesema kwamba kazi ya Koki imevuja. Lakini litakwenda bila macho, na mama wa watu yuko kiti cha nyuma. Alisimama na kipande cha tepu kidoleni, akikikunja na kukikunjua.

"Hapana," alisema mwishowe. "Bora livuje na lione."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu, ametembea kwa miguu, na viatu vyake vya safari miguuni tayari. Alisema alisikia honi.

"Mwalimu," alianza Koki kabla hajasalimia, na hilo kwake halikuwa jambo dogo. "Shikamoo. Gari linawaka. Lakini linavuja maji, tone moja moja, na kosa ni langu. Siwezi kukudanganya. Kama utaona afadhali lori, nitaelewa."

"Marahaba." Mwalimu alilizunguka gari taratibu, kama anayesahihisha madaftari. Aliinama, akatazama tone likianguka. Akapitisha kidole kwenye dashibodi, akakitazama kidole, hakuona vumbi. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaingia, akakaa, mikono juu ya mkoba. Mlango ulikataa kufunga mara ya kwanza; ulikubali ya pili.

"Washeni," alisema.

Randa akawasha. Mwalimu alikaa ameangalia mbele, kisogo cha kiti cha mbele, kwa muda. Midomo yake ilisogea kidogo kana kwamba anabishana na mtu kuhusu njia ya kupita.

"Mshale huo unasema kweli?" aliuliza.

"Sasa hivi ndiyo, Mwalimu," alijibu Koki.

"Basi njooni saa mbili. Maji ya kuongeza nitabeba mimi, lile dumu la manjano halijafungwa bado." Akashuka, akaufunga mlango mara mbili. "Na huu mlango uuangalie, Randa. Marehemu asingeuvumilia."

Alipoondoka, Randa alichukua bisibisi na kupiga magoti mbele ya bawaba. Mama pacha alisukuma sufuria chini ya lile tone, akawaambia kwamba anaihitaji kwa chai ya asubuhi, hivyo wajue. Koki akainama tena ndani ya boneti. Kidude cha mafuta kilikuwa mbali, nyuma ya mabomba, mahali ambapo mkono unafika na jicho halifiki. Alikipapasa mpaka akaipata ncha ya tepu. Akaweka spana. Haikusogea. Chuma kilikuwa bado cha moto, na mwanga wa dirishani ulishaanza kufifia.

"Kaka, kiache kipoe, utaungua," alisema mdogo wake.

Koki aliiacha spana ikiwa imeng'ata nati palepale ili asubuhi asiitafute, akatoka, akanyoosha mgongo. Randa alikuwa bado anapima bawaba kwa kidole gumba, akijisemea kwamba upande huu umezidi kidogo tu, kiasi cha randa moja.