Mstari Mweupe Katikati ya Ua

Vaileth alikuwa mtu wa usafi, na usafi huo ndio uliomponza. Jumatatu, Mama Alka, bibi aliyeajiriwa kumtunza, alipomaliza kuchapa vitambaa vyake na kwenda kujinyoosha, Vaileth alikiona kibao chake cha kuchapia, cha mti kilichochongwa ua, kimegandwa na rangi nyekundu. Akakisugua kwa maji ya moto, akakianika juu ya hita. Kumbe kibao cha namna ile husafishwa kwa brashi, kikapakwa mafuta na kuachwa kikauke polepole. Aliporudi alikuta kimepasuka, ufa mwembamba toka ukingo hadi ukingo. Akakirudisha kabatini, akafyata mdomo.

Jamani, tusimlaumu haraka. Alikuwa mlezi wa kuajiriwa, katoka Moshi juzijuzi, na kibali chake cha kuishi Uingereza kilitegemea kazi hiyo hiyo. Kibao chenyewe mama mkwe wa Mama Alka alikuja nacho Tanga kutoka Gujarati, naye Mama Alka akakibeba hadi Kingsbury, London. Nani angejitia kimbelembele kusema amekiua yeye?

Shida ni kwamba Mama Alka alikuwa anasahau. Alisahau jiko likiwaka, alisahau kama amekula. Kitu kimoja tu hakukosea: kukichovya kibao kwenye rangi, kukilenga juu ya kitambaa na kukigonga kwa ngumi, ua likashikana na ua. Binti yake, Alka, alishasema kwamba siku mkono huo nao ukishindwa, mama anahamia nyumba ya wazee, hakuna mjadala.

Jumanne ua likatoka na mstari mweupe katikati. Mama Alka akalitazama, kisha akakitazama kiganja chake.

"Mkono umelegea, mwanangu. Sikigongi sawasawa."

"Labda rangi ni nyepesi, mama," Vaileth akajibu, na aibu ikamwingia hadi mifupani.

Mama Alka akagonga kwa nguvu zaidi. Mstari ule ule. Wiki nzima akagonga, mpaka mkono ukavimba na kuvilia damu, na Vaileth ndiye aliyemfunga bandeji, huku akijiambia atasema kesho. Kesho ikifika, ulimi unakuwa mzito.

Jumamosi Alka akaja. Akakiona kitambaa, akauona mkono wa mama yake. Kisha akatoa simu aipigie nyumba ya wazee.

Vaileth akaona potelea mbali. "Dada Alka, ngoja. Kibao nilikipasua mimi, nilikianika kwenye hita. Mama hana kosa hata kidogo."

Alka alizaliwa London. Kiswahili alikisikia, lakini alijibu kwa Kiingereza, tena kwa upole. Alisema anajua Vaileth anavyompenda mama, ila asimkingie kifua. Mkono si unaonekana? Kwa kugonga kule, kibao gani kingepona?

"Naapa, dada. Ni mimi."

"Una roho nzuri sana," Alka akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Akamshika bega, akatoka na simu yake sikioni.

Vaileth alitaka kumfuata, lakini Mama Alka akamvuta kwa ule mkono wenye bandeji.

"Usibishane naye kwa ajili yangu, mwanangu, utafukuzwa kazi bure," akamnong'oneza. "Kibao nimekivunja mimi. Ila sikumbuki lini."