Kidole cha Sikudhani Bado Kipo Zamu

Niliota usiku wa jana kwamba kikao cha nidhamu cha Sikudhani kimeshaanza, na mimi, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, nimekuja bila suruali. Hakuna aliyeshangaa. Kilichonitia hofu ni kwamba sikuwa na ushahidi.

Kisa chenyewe kiwanda kizima cha sabuni kinakijua. Mashine ya kugonga nembo ilimkata Sikudhani kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho alichosajiliwa nacho kwenye mashine ya mahudhurio. Asubuhi alikibonyeza kuingia. Jioni hakuwa nacho cha kubonyeza kutoka, mfumo ukaifuta siku nzima. Sasa mwajiri anasema hakuwepo kazini, alijikata kwao akichanja kuni, na leo saa tatu anafukuzwa kwa utoro.

Zamani kila idara ilikuwa na daftari lake na uongo wake. Mwaka 2009 nilimrudisha Mhina kazini kwa sababu daftari la zamu lilibishana na la getini. Nakumbuka hadi kurasa. Siku hizi idara zote zimefungwa kwenye mfumo mmoja: kikiingizwa kitu mahali pamoja, wote wanakiapia.

Basi nafungua mlango wa kikao, kumbe ni ghala. Mashine ya mahudhurio imekaa kitini, imekunja nne.

"Shikamoo," nikaiamkia, maana ilikuwa kubwa kuliko nilivyoizoea.

"Marahaba. Sikudhani hayupo."

"Yupo hapo nje anasubiri!"

"Huyo ana vidole tisa, simjui. Niliyemsajili yuko rafu ya tatu."

Kweli, kidole kilikuwa kati ya magunia ya magadi, kimevaa kitambulisho. Kikainama kwa adabu.

"Katibu, mimi niko zamu tangu siku ile," kikasema. "Hakuna aliyenitoa. Nimechoka."

Ghala mwenyewe akaguna. Alikuwa mama mnene mwenye droo tumboni. "Kiwango cha chini cha vidole ni kumi. Vikipungua mimi sipigi kelele, namwambia Manunuzi."

"Nami nimeshaagiza mtu mwingine, mwenye kumi," akasema Manunuzi, muhuri wenye miguu miwili. "Anafika saa tatu."

"Mfute huyo mtu!"

Wakacheka wote watatu kicheko kimoja, kikaanza pamoja na kukoma pamoja.

"Baba wee, hapa hakifutiki kitu peke yake," akasema Ghala, akiionyesha mashine. "Huyu bwana alifuta mahudhurio, bandeji akaniachia mimi."

"Bandeji gani?"

"Iliyotoka siku ile, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Nikabaki na moja. Manunuzi akaagiza, gari likaleta, nikapokea. Ukitaka kuifuta ya kwanza, ufute zote, na gari nalo lirudi lilikotoka."

"Ilitoka kwa jina la nani?"

Mashine ikafungua mdomo wake wa kioo. "Muulizaji asajiliwe kwanza. Weka kidole."

Naweka. Inakibana, haikiachii. Nje nasikia pii, pii, pii: gari la bandeji linarudi kinyumenyume. Kuna mtu ofisini ameanza kufuta!

"Mama, nipe namba ya hati! Fanya haraka!"

"Haraka utaipata kwa mwingine," akasema Ghala. Akatoa kalamu nyekundu droo ya pili, akaijaribu kwenye karatasi, akaanza kuniandikia kiganjani, tarakimu moja moja. Gari limeshafika getini. Kidole changu sikisikii tena.

Nikaamka kimekufa ganzi. Kiganjani kulikuwa na namba, kwa wino mwekundu. Nyumbani kwangu hakuna kalamu nyekundu.

Saa moja na nusu nikampigia Mgaza, mtunza ghala wetu.

"Mgaza, hebu nitazamie hati namba 40862."

Nikamsikia anabonyeza, halafu anafunua faili.

"Katibu, hii ni bandeji. Siku ile ile, saa nne na dakika kumi na saba. Mpokeaji Sikudhani, katia sahihi imepinda, kama ya mkono wa kushoto." Akashusha sauti. "Nani kakupa namba hii?"

"Toa nakala tatu, nakuja," nikamwambia, nikaanza kutafuta suruali.