Mgongo wa Chupa

Mke wa fundi cherehani alikuwa anakaanga kitunguu kwa maji. Alitia maji kidogo kwenye sufuria, na yalipokauka akaongeza mengine, akikoroga kitunguu kisigande. Daktari alikuwa amesema mishipa ya moyo wa fundi imeziba, na mafuta yatammaliza. Kwa hiyo kuku alichunwa ngozi. Nyama ilichemshwa jioni ikaachwa ipoe, na asubuhi mke akaengua utando mweupe juu ya mchuzi. Maharage aliyatia tangawizi na ndimu ili ulimi usidai siagi. Chupa ya mafuta aliifunga kizibo, akaipandisha kwenye rafu.

Walikula humo humo jikoni.

"Mchuzi mtamu huu, mama watoto," alisema fundi. "Kuliko hata ule wa zamani."

Mgongo wa chupa ukatoa jasho. Tone likateremka upande wa nyuma, kizibo kikiwa kimefungwa, likaangukia kwenye sufuria. Mke akaifuta chupa, akaisogeza kando.

Alidhani ina ufa, akahamishia mafuta kwenye chupa nyingine. Kesho yake fundi alisema ameshiba, sahani ikiwa nusu, na chupa ile nayo ikavuja mgongoni. Hapo mke akaelewa. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba mtu anayedanganywa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakujua tu kwamba chupa yenyewe inahusika.

Akaweka kisosi chini yake, akaanza kuuliza maswali.

Fundi alikuwa ananenepa. Mara kwa mara alikaa kwenye cherehani yake akipanua kiuno cha suruali yake mwenyewe.

"Vitambaa vya siku hizi vikifuliwa vinarudi," alisema jikoni walipokuwa wakila. Chupa ikadondosha.

"Mchana unakula nini?"

"Si ulichonifungia?" Ikadondosha tena.

Bakuli la chakula cha mchana lilirudi limeoshwa, na fundi hakuwahi kujua hata sponji inakaa wapi. Mke alilinusa. Lilinukia sabuni isiyo ya nyumba hiyo.

Jumapili akaja wifi yake, dada wa fundi, anayeishi mkabala na duka la fundi la ushonaji. Khanga yake ilinukia viazi vya kukaanga. Alionja mchuzi, akaweka kijiko chini.

"Wifi, huu ni wa kula au wa kunawia?"

Chupa ilibaki kavu.

"Daktari kasema."

"Daktari ndiye aliyenyonya naye ziwa moja? Au una haraka ya ujane?"

"Mchana anapita kwako?"

"Anapita kusalimia tu. Hata maji hanywi."

Mafuta yalishuka kama uzi, yakajaza kisosi, yakamwagika. Mke akachukua beseni, akaliweka chini yake.

"Chupa yako inavuja," alisema wifi.

"Inavuja." Mke akamsindikiza mpaka mlangoni. "Karibu tena, wifi. Nimefurahi kukuona."

Aliporudi, mafuta yalikuwa yameongezeka. Akaifuta chupa bila kuitazama.

Fundi alianguka kwenye cherehani yake, mchana, baada ya kula. Shati jeupe la mteja lilikutwa na alama za vidole vyake, za mafuta.

Waombolezaji walijaa sebuleni. Walisema marehemu hakuwahi kumficha mkewe kitu. Walisema wifi hawa wawili walipendana kama waliozaliwa tumbo moja. Wanawake waliokuwa jikoni waliona beseni limefurika, wakaleta ndoo bila kuuliza. Chakula cha msiba kilikaangwa kwa mafuta hayo, na hayakupungua.

Wifi alikaa kando ya mjane, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga ile ile.

"Wallahi, wifi, sijui kaka yangu alikuwa anakula nini huko nje."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mafuta yakiingia ndooni. Mjane aliisikiliza kwa muda.

"Wala mimi sijui, wifi," alisema, akainuka kwenda kubadilisha ndoo.