Ushuhuda wa Shingo ya Hénock

Kitanda cha uchunguzi kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida, si kwa ajili ya Hénock. Alipokilalia, miguu ya chuma ya kitanda ililia, na kocha aliyesimama mlangoni akacheka kama mtu aliyeokota pochi barabarani.

"Ana miaka ishirini tu," kocha alimwambia Daktari Venter, daktari wa klabu. "Shingo kama hiyo, Daktari, sijaiona tangu nianze kufundisha."

Murielle hakucheka. Alikuwa mtaalamu wa viungo wa klabu hiyo ya raga, na Mkongo pekee kati ya waajiriwa wake wote. Tangu asubuhi alikuwa amempima kijana huyo magoti, mabega, mgongo na pumzi, akitafuta kasoro na kuikosa. Hénock alikuwa jiwe. Walimtaka kwa mstari wa mbele, wale watatu wanaotangulia kwenye skramu, pale wanane wanapoinama na kusukumana na wanane kwa vichwa na mabega, huku uzito wote wa wenzao wa nyuma ukipitia shingoni mwao. Mkataba wake wa kwanza maishani ulikuwa tayari, ukingoja tu neno la daktari kwamba ni mzima. Lilibaki swali moja, na Murielle aliliogopa kabla halijaulizwa, siku ile ya baridi ya Julai 2017.

"Umewahi kufa ganzi?" Daktari Venter aliuliza. "Mkono kuwaka moto, kupoteza nguvu, hata kwa muda mfupi?"

"Hapana, Daktari," Hénock akajibu kwa Kiingereza safi cha shule za Johannesburg.

Hakupepesa macho wala hakumeza mate. Hapo ndipo Murielle alipoogopa hasa.

Jumapili chache nyuma, katika ukumbi wa mtaa wa Berea ambao Wakongo huukodi kwa ibada, mama wa kijana huyu alikwenda mbele akashika maikrofoni. Mama Jeannine ni msusi wa Hillbrow, mtaa wa jirani, na sauti yake haihitaji maikrofoni. Alishuhudia kwamba mwanawe aliumia mchezoni, mkono ukafa, ukaning'inia kama kitambaa, hata Mchungaji Évariste alipoupaka mafuta na kuuombea ukaamka. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Murielle naye alipiga, tena kwa nguvu, mpaka koo likamkauka. Wakati huo hakujua kwamba mwenye mkono huo angeletwa kitandani pake.

Na katika kanisa lile, aliyeponywa hasemi tena kwamba aliugua. Kinywa kinaumba, husema wenyewe: ukiutaja ugonjwa uliokwisha kufukuzwa, umeufungulia mlango na kuutandikia mkeka. Kwa hiyo Hénock hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mwongo unaweza kumbana mpaka akaachia. Mwenye imani utambania wapi?

"Vizuri," Daktari Venter alisema. "Picha ya shingo kwa mashine kubwa tunawapiga waliowahi kufa ganzi tu. Huyu haihitaji. Murielle, mmalizie. Ukiridhika, atoke akasukumane na wakubwa tumwone."

Akatoka na kocha. Dirishani, juu ya majani yaliyokauka kwa baridi, wanaume wenye masikio yaliyovimba walikuwa wakigongana mabega kujipasha moto.

Kwa nini Murielle hakusema pale pale? Haya, wewe ungesema nini? "Daktari, nimesikia kanisani"? Kijana angekana, kocha angecheka, na kufika Jumapili Berea nzima ingekuwa inajua kwamba Murielle huchukua mambo ya madhabahuni akawapelekea wazungu. Isitoshe, mkono mmoja kufa ganzi ni jambo la kila siku katika raga. Wengi hupona na kuendelea kucheza. Labda lilikuwa hilo tu. Aliomba moyoni liwe hilo tu.

"Hénock," alisema kwa Kiswahili chao cha Kivu, "mama yako alitoa ushuhuda. Nilikuwa pale."

"Ndiyo, yaya." Ndivyo Wakongo wanavyomwita dada mkubwa.

"Sasa mbona umemwambia munganga Venter hapana?"

"Kwa sababu iko hapana. Mi nilipona. Nikisema niko na ugonjwa, ninauita. Wewe unajua, yaya."

"Sikuulize kama uko mugonjwa. Ninauliza ilikuwa namna gani."

"Haiko kitu." Akageuzia uso ukutani.

Murielle akabembeleza. Akatisha. Akamweleza habari za uti wa mgongo na watu aliowaona kwenye viti vya magurudumu, vijana wenye mabega mapana kama yake wanaolishwa uji na mama zao. Kadiri alivyoeleza ndivyo Hénock alivyozidi kufumba macho, midomo ikicheza, akiomba kimya kimya dhidi ya kila neno lake. Mlango ukagongwa.

"Wanaume wanapoa huku nje!" kocha akapaza sauti.

Hénock akaketi, akaanza kufunga kamba za viatu. Murielle akapandwa na hasira. Alimkasirikia Mama Jeannine, akamkasirikia kocha, akajikasirikia mwenyewe na vigelegele vyake. Na katika hasira hiyo akakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa kanisa lile analijua: ugonjwa haukiriwi, lakini ushuhuda haukataliwi. Ukiombwa ushuhuda ukanyamaza, umemwibia Mungu utukufu wake.

"Bien, sawa," alisema. "Basi unipe ushuhuda. Mama alitoa yake. Yako wewe sijaisikia bado. Mungu alikutendea nini?"

Mikono ya Hénock ikasimama juu ya kamba. Alimtazama kwa shaka, kisha uso wake ukafunguka taratibu, maana alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake na lilikuwa zito.

"Eish, yaya. Mungu ni mukubwa." Akafuta pua kwa kiganja. "Ilikuwa kwa skramu. Ikaanguka, kichwa yangu ikaingia chini. Nikasikia moto hapa, kwa shingo. Kisha sikusikia kitu tena. Mukono ya kuume, hapana. Ya kushoto, hapana."

"Mikono yote mbili?"

"Yote. Na miguu." Alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka. "Nilikuwa ninaona viatu vyangu, yaya. Ninaviambia vitembee, vinanikatalia, kama vya mutu mwingine. Nikasema ndani ya roho, Mungu, nirudishie hata kidole moja tu. Kidole ikarudi! Kisha miguu. Mukono moja tu ndiyo ilibakia imelala, na ile ndiyo Mama aliona, na Mchungaji akaiombea. Ya miguu sikumwambia. Angekufa."

Murielle alijua tofauti. Mkono mmoja ni mshipa wa fahamu uliovutwa. Mikono na miguu kwa pamoja ni uti wenyewe, uliobanwa ndani ya mifupa ya shingo, na siku ukibanwa mara ya pili huenda hata kidole kimoja kisirudi. Huko nje wanaume wanane walikuwa wakimngoja.

"Amina," alisema, na alimaanisha.

Tabasamu la Hénock likafifia. Alikuwa ameona uso wa Murielle ulivyobadilika rangi.

"Yaya," aliuliza polepole, "nimetoa ushuhuda, ao nimekiri?"

Angeweza kumdanganya, na kijana angeamini.

"Umetoa ushuhuda. Lakini mi nilikutega, siwezi kukuficha. Sasa ni mi ndiye nitasema kwa munganga. Kinywa itakuwa yangu, haiko yako."

"Usiseme." Hénock akasimama, na chumba kikawa kidogo. Alikuwa kati ya Murielle na mlango, si kwa vitisho, ila hakuwa na mahali pengine pa kusimama. "Mama anasuka mpaka vidole vimepinda. Anangojea hii. Tafazali, yaya. Sikuombe useme uongo. Unyamaze tu."

Kunyamaza tu. Nisikufiche, msomaji: Murielle alilipima jambo hilo. Kunyamaza hakugharimu kitu, na lawama ya baadaye isingekuwa na mwenyewe, kwani kijana alikana mbele ya daktari. Akavitazama viatu vikubwa vya Hénock, kimoja kimefungwa na kimoja bado. Kocha akafungua mlango bila kungoja kujibiwa.

"Tayari?"

"Haingii!" Sauti ilimtoka Murielle kama kelele, hata mwenyewe akashtuka. "Haingii kwenye skramu leo. Niitie Daktari."

Mashine kubwa haikubishana na mtu. Njia ya uti katika shingo ile nene ya kushangaza ilikuwa nyembamba tangu kuzaliwa, na palipobanwa hapakuwa na nafasi hata ya unywele. Daktari Venter aliitazama picha, akasema kijana huyo asicheze tena raga popote. Kocha alivua kofia, akaivaa tena, akatoka.

Murielle alikwenda mwenyewe saluni kule Hillbrow. Mama Jeannine hakuacha kusuka, wala hakumkaribisha kiti.

"Mungu alimuponya, wewe ukamugonjesha," alisema, akikaza msuko mpaka mteja akaguna. "Nilikuona siku ile ukipiga vigelegele. Kumbe ulikuwa unanisikiliza kama polisi."

Neno moja, miguu, lingemtetea Murielle. Lakini neno hilo lilikuwa la Hénock. Akamwomba mama radhi, akashuka ngazi akilia waziwazi kati ya wauza nyanya.

Jumapili alikaribia kubaki nyumbani. Alikwenda kwa ukaidi tu, akaketi pembeni, na hakuna aliyemsogelea. Mchungaji Évariste alipouliza nani ana ushuhuda, kiti kikalia kule nyuma. Hénock alipita katikati ya viti, watu wakikunja magoti kumpisha, akachukua maikrofoni.

"Mama," alisema, "siku ile haikuwa mukono tu. Mikono yote mbili ilikufa. Na miguu pia. Sikukuambia. Yaya Murielle alijua, na hakutoboa siri yangu kwako, hata wakati ulimutukana." Alishusha pumzi. "Munganga anasema nikirudi kwa skramu, sitaamuka. Basi ushuhuda yangu ni mufupi. Nilikuwa ninakaa kule nyuma. Nimesimama, nimetembea, nimefika hapa."

Hakuna aliyejua kama apige vigelegele au alie. Mama Jeannine aliitazama miguu ya mwanawe, si uso. Aliinuka, akampita Mchungaji, akapiga magoti sakafuni na kuvishika vifundo vya miguu hiyo kwa vidole vyake vilivyopinda, kimoja kila mkono, akavibonyeza kama anayetafuta kitu ndani.

"Rudi kule kwa kiti," alisema. "Kisha utembee tena, nikuone."

Hénock akarudi mpaka nyuma kabisa, akageuka, akatembea tena.