Harakeke za Mama Yake Paretai

Paretai aliporudi kutoka hospitali na goti lake jipya, hakuulizia chai wala wajukuu. Alishika mkongojo, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kuzitazama harakeke zake, majani marefu ya kusukia mikeka. Mama yake alizipanda akiwa na mimba yake.

Kati ya mashina manne, matatu yalikuwa yamenyolewa mpaka chini.

"Tūroa!"

Mumewe akatoka jikoni, taulo begani. Mzee huyu alinyoa kondoo miaka arobaini, na mikono yake bado haijakubali kustaafu.

"Nimekusafishia, mpenzi. Nilitaka ukute majani tayari."

"Umekata na ya katikati?"

"Kwani si yote ni majani?"

"Ewe mwanamume! Lile changa la katikati ni mtoto. Yale mawili yanayomkumbatia ni baba na mama. Tunachukua ya pembeni tu, mababu waliokwisha kula chumvi yao. Wewe umefyeka ukoo mzima!"

Tūroa akatazama viatu vyake. "Mimi nilidhani unachaguachagua kwa maringo."

Paretai akayagusa mashina yaliyonyolewa kwa ncha ya mkongojo. Shina lililokatwa mtoto halichipui tena, na mbegu hii ya mama yake haikuwepo kwingine. Akaligeukia shina la nne, zima kabisa.

"Na hili mbona uliliacha?"

"Mvua ilianza. Harakeke haikatwi kwenye mvua. Mila ni mila."

Paretai alitaka kulia, kicheko kikamtangulia. Miaka hamsini ya kumfundisha, na kilichomwingia ni hicho kimoja tu, kinachomruhusu kurudi ndani kunywa chai!

"Lete koleo. Tutagawa machipukizi ya hili, tupande upya."

"Tutagawa?"

"Wewe kwa mikono, mimi kwa mdomo."

Akaketi kwenye kiti, akamwendesha asubuhi nzima.

"Omba radhi kabla hujang'oa."

"Nimwombe radhi jani?"

"Umemnyoa mama mkwe wako, Tūroa."

Mzee akavua kofia. "Samahani, mama," akasema, kwa sauti ya upole ambayo marehemu hakuwahi kuisikia.

Kufika adhuhuri, machipukizi saba yalikuwa yamesimama udongoni, kila mtoto na wazazi wake. Tūroa, aliyepiga magoti, alishindwa kuinuka. Paretai naye alishindwa kuinama kumvuta. Wakabaki hivyo hivyo, wakicheka mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka.