Barua Iliyochekwa

Kazini walimwita Bi Maoni, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kusoma kila neno ambalo watumiaji waliuandikia mtandao wao, ule ambao watu huweka wasifu wao, hutafuta ajira na kujuana na wenzao wa fani moja. Kila asubuhi alikuta ujumbe mia mbili, mia tatu, na kila mmoja aliubandika lebo: pongezi, pendekezo, hitilafu, au "hajui kutumia". Lebo hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa pipa la taka. Aliyetupwa humo alipata jibu la mashine la kumtaka asome ukurasa wa msaada, na habari yake ikaishia hapo.

Mwezi ule mtandao ulikuwa umetoa kipengele kipya. Mtu akifungua matangazo matatu ya kazi, picha yake inazungushiwa duara la kijani lenye maneno "Yuko tayari kwa kazi mpya", na siku chache baadaye wote anaofahamiana nao mtandaoni wanapelekewa taarifa. Mkuu wa kitengo ndiye aliyekibuni, na alikipenda kama mtoto wa kifungua mimba. Alitaka ripoti ya maoni ya watumiaji ifikapo Ijumaa, na kwa jinsi alivyoitaka, kila mtu alielewa kwamba anataka sifa.

Jumanne ikaingia barua ndefu kuliko zote. Aliyeiandika aliwasalimu wahusika wote, wakubwa kwa wadogo, akauliza hali za familia zao. Kisha akaeleza kwamba amevishwa pete ya kijani bila ridhaa yake na anaomba avuliwe, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na pete anayo tayari. Akamalizia kwa kuomba radhi kwa kuwapotezea muda. Jina halikuonekana, mfumo ulificha majina ukaacha namba tu.

Bi Maoni aliisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa na kipaji cha kuigiza, akampa mwandishi yule sauti ya babu aliyepoteza miwani. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Aliporudi mezani kidole chake kilisita kidogo. Kumwondolea mtu yule duara ilikuwa kubofya mara mbili tu, lakini ilibidi kwanza aandike "hitilafu", na hitilafu ziliingia kwenye ripoti. Akabandika "hajui kutumia", akafungua ujumbe uliofuata.

Jumapili mama yake akampigia simu kumwambia mjomba ameachishwa kazi.

Mjomba huyo, kaka yake mama, alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika kampuni moja ya ujenzi kwa miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyemlea Bi Maoni mama yake alipougua, na ndiye aliyemfundisha kushika penseli. Bi Maoni alimkuta sebuleni, shati limepigwa pasi na kalamu mbili zipo mfukoni kama kawaida, amekaa tu kama mgeni nyumbani kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Karibu, kaa hapa karibu yangu."

Alimsimulia polepole. Binti yake alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, na yeye akawa anamtafutia nafasi kwenye matangazo. La kwanza, la pili, la tatu, duara likamvaa. Alhamisi taarifa ikamfikia mkurugenzi wake akiwa mkutanoni mbele ya watu. Mjomba alijieleza hadi mate yakamkauka, lakini picha yake ilikuwa pale inang'aa kijani, nani angemwamini? Wakampa barua jioni ileile.

"Nilitaka kukupigia wewe," mjomba akasema. "Nikaona, mtoto ana kazi nyingi, nisije nikamletea matatizo kwa mambo ya undugu. Nikaandika kwenye kile kisanduku cha maoni kama mtu mwingine yeyote. Niliwaandikia vizuri tu. Nikawaambia mimi ni mtu mzima, pete ninayo."

Mke wa mjomba alileta chai, Bi Maoni akaishika asiweze kuinywa. Wazo lililomjia kwanza lilikuwa kunyamaza, maana hakuna aliyejua na hakuna ambaye angejua. Aliaga, akafika mlangoni, akavaa kiatu kimoja. Kisha akakivua, akarudi kukaa.

"Mjomba, ile barua niliisoma mimi."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. "Basi ilifika."

"Ilifika. Niliwasomea wenzangu, tukaicheka. Halafu nikaitupa. Ningeweza kukuondolea lile duara siku ileile."

Mjomba alitazama viganja vyake, akakisugua kidole chenye sugu ya penseli. Jikoni mkewe aliacha kuosha vyombo.

"Mlicheka wapi?" akauliza.

"Mjomba, nisamehe."

"Nataka kujua. Sehemu gani?"

"Pale kwenye pete," akajibu kwa shida. "Na pale ulipouliza hali za familia zetu."

"Nilidhani mna familia," mjomba akasema, wala hakupandisha sauti.

Jumatatu Bi Maoni alifungua lile pipa lake, akausoma upya ujumbe mmoja baada ya mwingine. Kati ya mia mbili na kumi na moja, thelathini na wanne walikuwa wakilia kilio kilekile: muuguzi anayemwogopa msimamizi wake, mwalimu ambaye mkuu wa shule ameacha kumsalimu, dereva aliyenyang'anywa funguo. Akawaondolea wote duara kabla ya kumuuliza mtu. Kisha akaandika ripoti nyingine, na humo akaeleza pia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akibandika lebo za kumfurahisha mkuu. Mkuu alifoka, akampa barua ya onyo, akamtoa kwenye kazi ya ripoti. Lakini ripoti ilikuwa imeshafika juu, na baada ya wiki mbili kipengele kikabadilishwa: sasa duara haliwekwi mpaka mwenyewe akubali.

Aliomba pia mkurugenzi wa mjomba aandikiwe rasmi kwamba duara liliwekwa na mashine. Mkurugenzi alijibu kwa mistari miwili. Kiti kilikuwa kimeshapata mtu.

Mjomba sasa anafundisha uchoraji kwenye chuo cha ufundi siku tatu kwa wiki. Bi Maoni humtembelea, na mjomba huitikia shikamoo yake kama zamani, ila akikwama kwenye kompyuta humwita jirani, hata kama Bi Maoni amekaa hapohapo.

Siku moja mama yake alimpigia simu kumpongeza. Alisema mjomba amewaeleza ndugu wote jinsi mpwa wake alivyohangaika kumtetea, hadi akapewa onyo kazini kwa ajili yake.

"Hakusema kingine?" Bi Maoni akauliza.

"Kingine kipi?" mama yake akasema.

Bi Maoni aliishika simu sikioni, mama yake akiendelea kumsifu, asijue aanzie wapi.