Mgongo wa Baba Saumu

Usiku wa jana niliota nimesimama nyuma ya marehemu mume wangu, namwangalia kisogo, na juu mbinguni kuna betri nyekundu inakohoa.

Kwanza niseme hiyo betri ilitoka wapi.

Baba Saumu, Mungu amrehemu, alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, akawa mtu wa kitandani. Mwanetu Saumu akamletea kimashine cha gemu cha kushika mkononi, kilichokwisha tumiwa na wengine, chenye mchezo mmoja tu ndani yake. Mtu mwenye bunduki anakimbia katika mji uliobomoka, na wewe unamwona kwa nyuma siku zote. Mgongo na kisogo. Uso hapana. Mchezo wenyewe mbovu. Maadui wanakwama ukutani, ng'ombe anaelea hewani, na huyo mtu akiingia mahali pembamba, jicho la mchezo linalomfuata nyuma linabaki nje linatazama tofali. Baba Saumu alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu.

"Mbovu huu, mama Saumu," ananiambia, "lakini una raha yake."

Nami nilikuwa nakaa nyuma ya mto wake na tasbihi yangu, namwangalia anavyokimbia kwa miguu miwili.

Alipopelekwa hospitali alikuwa hajafika kwenye mlango wenye taa nyekundu. Saumu alinieleza kwamba pale ndipo mchezo unaposevu, yaani unapoweka kumbukumbu ya ulipofika, na ile taa inageuka kijani. Kama hajafika, na chaji ikaisha, yule mtu anarudi mwanzo kabisa, kama vile hajawahi kutoka. Baba Saumu hakurudi kutoka hospitali. Basi kazi yangu ikawa kuchaji. Sijui kucheza, sigusi kitufe, nachaji tu. Eda yote nimechaji, na eda imekwisha bado nachaji. Naamka usingizini kutazama kama chaja imekaa sawasawa. Nimechoka mwili mzima, lakini naamka.

Jana umeme ulikatika alasiri na haukurudi. Nikaswali Isha, nikakilaza kimashine karibu na mto, alama ya betri imeshakuwa nyekundu. Nikavua kandambili zangu za bluu, ile ya kushoto ina pini kwenye mkanda uliokatika, nikazipanga chini ya kitanda. Nikalala.

Sasa niko katika ule mji, kandambili miguuni, na jua halina joto.

"Usinisemeshe sana," inasema betri kutoka juu. "Naishiwa."

"Pole," naiambia. "Hata mimi."

"Najua. Tumekesha wote."

Baba Saumu yuko mbele yangu na bunduki begani. Mgongo ni wake, kisogo ni chake na ule mkunjo wake. Natamani nimwone uso. Napiga hatua kulia nimzunguke, dunia nzima inazunguka nami, nyumba, ng'ombe, jua. Nikisimama, niko nyuma yake tena. Najaribu kushoto. Vilevile.

"Ndivyo ilivyo hapa," inasema betri. "Wewe ndiye jicho. Kazi yako mgongo. Ukiacha kumwangalia, hayupo."

"Kazi hiyo naijua," nasema.

Tunatembea. Bunduki inageuza mdomo na kuniuliza, "Mama, leo hatupigi mtu?"

"Sijui kupiga."

"Ni rahisi."

"Sikusema ni vigumu."

Ikageuza mdomo mbele, imenuna.

Adui wa kwanza tulimkuta amekwama kwenye kizingiti cha duka. Anatembea palepale, hasogei, kijana mwenye kofia ya chuma. Akatuelekezea silaha.

"Assalaamu alaykum," nikamwambia.

Akaishusha. Salamu ni lazima ijibiwe, na hajibu mtu huku amelenga.

"Waalaykum salaam. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Hatuli, mama. Aliyetuchora alisahau kuifungua midomo." Kweli, midomo yake haikusogea.

Wenzake wakatoka vichochoroni, wote uso ule ule, wakapanga foleni ya kuniamkia. Nikaitikia mmoja mmoja na kumuuliza kila mmoja habari za nyumbani. Walisema nyumbani kuzuri, ila hawajawahi kufika.

"Mama," inasema betri, "salamu zinakula chaji."

"Siwezi kumwacha mtu hajaitikiwa."

"Mimi nakupa taarifa tu."

Nikarudi kwa yule wa kizingitini. "Mwanangu, tunatafuta mlango wenye taa nyekundu."

"Uko nyuma ya soko. Sisi ndio tunaoulinda."

"Mnaulinda msiingiliwe na nani?"

Akafikiri. "Na ninyi."

"Basi sisi tumeshafika. Mnaweza kupumzika."

Akalipima jambo lile, akaona halina kasoro. "Basi nisukume bega, mama. Niko hapa tangu mchezo ulipoanza." Nikamsukuma, akachomoka. Akashukuru, akatembea moja kwa moja mpaka ukuta wa pili, akakwama.

Tunapita soko, na soko si soko tena. Ni wodi ya wanaume. Vitandani yamelazwa mafungu ya nyanya na vitunguu, yamefunikwa shuka mpaka shingoni. Baba Saumu anaanza kuchechemea, kwa mguu ule ule uliokatwa. Mwishoni mwa wodi kuna mlango, na juu yake taa nyekundu.

"Hapa huwa tunapiga kitasa," inasema bunduki, imepata uhai.

"Mlango wa watu haupigwi risasi. Unapigwa hodi."

Nikapiga hodi. Kimya. Betri inakohoa. Nikapiga ya pili. Kimya. Tumefundishwa kwamba ya tatu isipoitikiwa unarudi ulikotoka, hungoji. Niliiogopa hiyo ya tatu kuliko silaha zote za wale vijana.

"Hodi," nikasema.

"Karibuni," ukasema mlango. "Mnisamehe, sijazoea. Wote hunivunja."

Nikavua kandambili, nikazipanga kizingitini. Baba Saumu buti zake zimechorwa pamoja na miguu, hazivuliki.

"Aingie yeye," ukasema mlango. "Wewe hutoshi."

"Mimi? Nimekonda hivi?"

"Jicho halipiti hapa. Ni ubovu, tunaujua. Hakuna aliyekuja kuurekebisha."

"Nikibaki nje simwoni."

"Humwoni."

Nikatazama juu. "Wewe si ulisema nikiacha kumwangalia hayupo?"

"Nilisema," inajibu betri, na sauti yake sasa ni ya mgonjwa. "Kwa huku nje. Humo ndani yuko anayeangalia. Si wewe, wala si mimi."

Nikasimama nyuma ya ule mgongo. Ningeweza kuuangalia pale mpaka betri ikate roho. Nisingefanya kitu, ningetazama tu, kama siku zote.

"Baba Saumu," nikasema, "ingia."

Hakugeuka. "Umezima jiko?"

"Nimezima."

"Basi nenda kalale, mama Saumu. Umekesha mno na mgongo wangu."

Akaingia. Mimi nikabaki uso kwa uso na tofali. Taa siioni, mlango siuoni, ni tofali tu, na vumbi lake linanidondokea miguuni. Nikasikia humo ndani mtu anacheka, kile kicheko cha kushika ubavu.

"Basi, mama," ikasema betri. Mbingu ikazima.

Niliamka kwa adhana ya alfajiri. Kimashine kimezima, cheusi. Nikateremsha miguu nitafute kandambili nikatawadhe, hazipo. Nikatazama uvunguni, mlangoni, barazani. Hazipo. Miguu yangu ina vumbi jekundu, na nyumba yetu ni ya matofali ya saruji.

Umeme ulirudi jua limeshapanda. Nikachomeka chaja, nikangoja, nikabonyeza kitufe cha kwanza nilichowahi kukibonyeza, na moyo ukawa kama pale kwenye hodi ya tatu.

Mtu simwoni. Ninauona mlango kwa nje, umefungwa, na taa juu yake ni ya kijani. Chini kizingitini zimepangwa kandambili mbili za bluu. Nikakisogeza kimashine karibu na macho. Ya kushoto ina pini.

Nikachomoa chaja, nikaizungushia waya wake, nikaiweka kabatini. Kisha nikapanda kitandani mchana kweupe, miguu mitupu, nikalala.